Msaada: kadi za mtandao kwenye Linux zinabadilishana majina umeme ukirudi

Msimamizi wa Sakina: Wakuu, habari za jioni. Nina rauta ya kujitengenezea, inaendeshwa na Debian 12 (aina ya Linux), kwenye hosteli ndogo hapa Sakina, Arusha. eth0 inapokea faiba, eth1 inakwenda kwenye swichi ya wageni. Umeme ukikatika na kurudi, kuna siku zinabadilishana. Wageni hawapati kitu na bosi ananipigia kabla sijanawa uso. Nimeshaanza kuandika sheria ya udev (kinachosimamia vifaa kwenye Linux) ya kuzifunga kwa anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kila kadi. Niendelee?

Kijana wa Kiborloni: Nunua rauta ya MikroTik upumzike, mkuu. Yangu hapa Moshi toka niifunge sijaigusa.

Mama Ndizi: Niliwahi kuwa na intaneti kafe Moshi mjini, enzi za kulipia kwa nusu saa. Fundi wangu naye alikuwa anajifunzia kwenye mashine za wateja. Mwisho wa siku alihama na nywila zote. Wanangu, jaribieni nyumbani kwenu.

Waya Mwekundu: Turudi kwenye mada. Debian 12 kwa kawaida haikupi eth0. Tangu systemd 197 ya mwaka 2013 (systemd ndiyo inayowasha na kusimamia huduma za Linux), jina linafuata mahali kadi ilipokaa: enp3s0 ni basi (njia ya data) ya PCI namba 3, sloti 0. Ukiona eth0, mara nyingi kuna mtu kazima utaratibu huo. Tuwekee `cat /proc/cmdline` na `ip link`.

Msimamizi wa Sakina: Sawa, nina net.ifnames=0, ndiyo inayouzima. Bila hiyo kadi moja ilipata jina refu la enx, nyingine ikabaki na eth. Nani atakariri? Halafu skripti ya faiawoli niliyoikuta hapa imejaa eth0 na eth1, siwezi kuibomoa yote. Matokeo ya ip link hayo hapo chini, MAC zinaanza na 00:e0:4c.

Jicho la Tatu: Chai! Angalieni hizo MAC, zinafanana mwanzo hadi mwisho. Kanakili mstari mmoja mara mbili. Na rauta ya "kujitengenezea" yenye skripti ya "kuikuta" ndiyo ipi?

Kijana wa Kiborloni: Chai ya Sakina haikosi tangawizi 😂

Waya Mwekundu: Ngojeni kwanza. Mtoa mada, hizo kadi ni za USB?

Msimamizi wa Sakina: Zote mbili. Mashine ni laptop, tundu lake la waya lilikufa. Nilijua mtacheka. Lakini betri yake ndiyo UPS yangu, inazima umeme ukikawia tu. Adapta nilinunua mbili pamoja, zile za bei ya chini.

Waya Mwekundu: Basi si chai. Adapta za bei hiyo mara nyingine hutoka kiwandani na MAC moja. Ndiyo maana enx ilienda kwa moja tu: jina linatokana na MAC, na majina mawili sawa hayakai mashine moja. Sheria yako ya MAC itazishika zote. Zifunge kwa tundu la USB zilipochomekwa. Endesha `udevadm info /sys/class/net/eth0`, chukua ID_PATH (inaonyesha tundu lipi), uandike `/etc/systemd/network/10-wan.link`:

[Match]
Path=(hiyo ID_PATH)
[Link]
Name=wan0

Hiyo wan0 ni ya faiba. Ya pili, ya wageni, vivyo hivyo, lan0. Kisha `update-initramfs -u` na uwashe upya. Ukitaka, chini ya [Link] moja ipe MACAddress yake.

Msimamizi wa Sakina: Nikiziita eth0 na eth1 hivyohivyo? Skripti…

Waya Mwekundu: Hapana. Kerneli inagawa majina hayohayo, utakuta eth0 imeshachukuliwa na jirani. Skripti ibadilishe kwa sed, amri ya kubadili maneno kwenye faili, ni mstari mmoja.

Jicho la Tatu: Picha ya adapta kwanza.

Msimamizi wa Sakina: Nimezitia alama kwa rangi ya kucha ya dada wa mapokezi, nyekundu ni faiba. Naanza saa saba usiku wageni wakilala.

Waya Mwekundu: Uwe kwenye mashine yenyewe, si kuingia kwa mbali kwa SSH ukiwa kitandani.

Msimamizi wa Sakina: Nitakuwa kitandani. Laptop iko uvunguni.