Mzee wa kanisa kasema nisiache kazi, mtumishi kanitolea neno niache. Nimsikilize nani?

Ticha_Moro:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Morogoro, moyo unanisukuma niache kazi nikafungue kanisa kijijini kwetu. Nikamshirikisha mzee wa kanisa ambae ndo kanilea kiroho, akasema subiri mkopo wa benki uishe, wikiendi nenda kahubiri ila kazi usiache. Mama nae wimbo uleule. Sasa kwenye kongamano moja mtumishi mgeni akaniita mbele akasema anaona mnyororo mguuni kwangu na huo mnyororo ni mshahara, niukate na nisisikilize wanadamu. Baadae pembeni akaniambia nipande mbegu, yani nitoe sadaka ya mshahara wa mwezi mzima ili mlango ufunguke. Mithali 11:14 inasema kwa wingi wa washauri huja wokovu, haya washauri ninao, ila wanapingana. Nifanyeje?

Baba Upendo:
Mdogo wangu soma 1 Wafalme 12 taratibu usiruke mstari. Rehoboamu kaenda Shekemu kutawazwa, watu wanamwambia baba yako Sulemani alitubebesha nira nzito, tupunguzie tutakutumikia. Akaomba siku tatu. Wazee wakamwambia watumikie hawa leo, ongea nao vizuri, watakuwa wako siku zote. Sasa angalia mstari wa 8, AKALIACHA shauri la wazee halafu ndo akaenda kuwauliza wale vijana aliokua nao. Yani alishaamua kabla, kule kwa pili alifuata watu wa kumpigia makofi. Na tusiwasingizie vijana, sura ya 14 inasema alianza kutawala na miaka 41, hao wenzake aliokua nao wangekua watoto kweli? Walikua watu wazima waliokulia ikulu, nira hawajawahi kuibeba, ndo maana ikawa rahisi kwao kusema ongeza. Akajibu watu kwa ukali, makabila kumi yakaondoka, akamtuma Adoramu msimamizi wa shokoa (kazi za kulazimishwa) wakampiga mawe akafa, mfalme mwenyewe akadandia gari mbio Yerusalemu. Swali langu kwako, ulipoleta uzi huu ulikua hujaamua au umetufuata sisi tupige makofi?

Mbeba_Maono:
Mnapenda kuvunja watu moyo nyie. Mbona Paulo alikataa ushauri? Matendo 21, pale Kaisaria nabii Agabo kachukua mshipi wa Paulo kajifunga mikono na miguu, ndugu wote wanalia usipande Yerusalemu, yeye akasema niko tayari kufungwa hata kufa. Mwisho wakanyamaza wakasema mapenzi ya Bwana yatendeke. Kwahiyo sio kila anaelia machozi anakushauri vizuri. Kaka songa mbele, wazee wengine wanaogopa tu.

Mama Neema:
Mbeba_Maono hapo umesema kweli nusu. Paulo alikataa ushauri ili akaumie YEYE, na huyo Agabo hakumuomba hata senti. Tena Paulo huyohuyo alikua fundi mahema, Korintho alifanya kazi kwa Akila na Prisila, siku za juma anashona, sabato yuko sinagogi. Huo si ndo ushauri wa mzee wako ticha?

Baba Upendo nae ameishia sura ya 12, ukiendelea ya 13 kuna nabii mzee kabisa wa Betheli, mvi zake zote, akamdanganya mtu wa Mungu kwamba malaika kasema nae, rudi ule kwangu. Yule mtu wa Mungu alikua ameshaambiwa na Mungu mwenyewe asile wala asinywe huko, akarudi akala, njiani simba akamuua. Kwahiyo mvi sio kipimo, na "Bwana kaniambia" nayo sio kipimo. Mi naangalia nani anakula hasara ushauri ukigoma. Mzee wako ukimfuata hapati kitu, ukikwama atakua nawe hapohapo Morogoro. Yule mgeni mbegu ameshaondoka nayo. Au hujapanda bado?

Halafu mwanangu una mke? Naona mzee, mama, mtumishi, yeye sijamuona.

Ticha_Moro:
Asanteni. Mbegu nilitoa nusu. Mke ninae mama, ana mimba kubwa, sijamwambia maana mtumishi alisema neno likishirikishwa mapema linaibiwa.

Baba Upendo:
Kha! Neno gani la Mungu linafichwa mke?? Mkopo ukikosa mshahara wa kukata watakaogongewa mlango ni nyie wawili. Ile nusu iliyobaki usitume. Leo ukirudi chukua salari slipu kaa na mkeo muisome pamoja, kisha jumapili mwende wote kwa mzee, muulizeni hilo kanisa la kijijini mnaweza kulianzaje likizo ya Juni shule zikifungwa.

Mbeba_Maono:
Hilo la kumficha mke hapana aisee, hapo hata mimi sipo.