Mada: OCI ya Baba Jasi imerudishwa na barua. Nani amepitia hii?

Kutoka: Mama Jasi (Surrey)

Hamjambo nyote. Najua tulikuwa kwenye mambo ya kontena la Mombasa, lakini naomba mnisikilize kidogo.

Baba Jasi, wengi mnamjua, ni Kalasinga wa Kisumu. Kijaluo chake ni kizuri kuliko Kipunjabi chake. Aliomba OCI, ile kadi ya serikali ya India kwa wenye asili ya huko walio raia wa nchi nyingine, ili tuache kuhangaika na viza kila mama mkwe akitaka kupelekwa Amritsar. Tulipeleka kila kitu: cheti chake cha kuzaliwa, cha babake, na ile karatasi ya babu yenye mhuri wa kikoloni iliyoliwa na mende kwenye pembe. Jana bahasha imerudi na barua ya mistari minne. Wanataka "maelezo zaidi kuhusu asili ya mababu na shughuli za kijamii za mwombaji". Basi. Simu haipokelewi, barua pepe inajijibu yenyewe.

Sasa hofu yangu. Sisi gurdwara yetu, yaani hekalu la Kalasinga, ni ile ya Scott Road hapa Surrey, Kanada. Baba Jasi hajawahi kupanda jukwaani, hajawahi kubeba bendera ya njano ya Khalistan, ile nchi ya Kalasinga inayodaiwa kukatwa kutoka India. Anakata vitunguu vya langar, chakula cha bure cha gurdwara, Jumapili, halafu anarudi kulala. Lakini kuna picha kwenye Facebook amesimama na sufuria ya dengu, na nyuma yake ukutani ni bango la Nijjar, yule mpigania Khalistan aliyeuawa kwa risasi 2023, kubwa kama mlango. Je, aieleze hiyo picha au anyamaze? Na "shughuli za kijamii" wanataka aandike nini?

Kutoka: Fundi Bomba (Brampton)

Pole sana Mama Jasi. Hao watu nawajua. Mimi na mwenzangu wa kazi tulikuwa tumeshalipa tiketi za harusi ya mdogo wake kule Ludhiana. Tarehe 21 Septemba 2023 India ikafunga viza kwa Wakanada wote, siku tatu tu baada ya Trudeau, waziri mkuu wetu wakati ule, kusimama bungeni na kuihusisha India na kuuawa kwa Nijjar. Viza ya mtandaoni ilirudi 22 Novemba, bibi harusi ameshahamia kwa wakwe. Shirika la ndege lilirudisha nusu, ile nusu nyingine nimesamehe.

"Shughuli za kijamii" maana yake ni Khalistan, msidanganyane. Nijjar mnamsikia kwenye habari kama jenerali wa vita. Alikuwa fundi bomba kama mimi. Najua hayo maisha: saa kumi na moja alfajiri uko kwenye gari, jioni unadai hela kwa mwenye nyumba aliyezima simu, na usiku ndiyo unakwenda kwenye kikao cha kamati. Aliingia 1997 kwa pasipoti ya jina la Ravi Sharma, akaomba ukimbizi akisema polisi wa Punjab walimtesa. Machi 2015 akapewa uraia. Mtu wa kawaida kabisa.

Kutoka: Shemeji wa Newton

Fundi, ukisimulia simulia yote. Uraia ni 25 Mei 2015. Machi ni ile tarehe ambayo Marc Miller, waziri wa uhamiaji wa Kanada wakati ule, aliandika mwanzo, halafu akajisahihisha mwenyewe. Na umeruka katikati: ombi la ukimbizi lilikataliwa, na siku 11 baadaye akafunga ndoa na mwanamke aliyemwombea ukaazi. Hilo nalo likakataliwa, akakata rufaa, akashindwa 2001. Miaka 14 baadaye ndiyo raia.

Nawe "mtu wa kawaida kabisa"? India ilimtangaza gaidi mwaka 2020 na ikaweka zawadi ya rupia milioni moja juu ya kichwa chake 2022. Yeye alikana yote mpaka mwisho, na hakuna mahakama ya Kanada iliyomtia hatiani. Lakini usiseme ni wa kawaida.

Kutoka: Fundi Bomba (Brampton)

Ndoa ya siku 11 unaniambia mimi? Kwenye orodha hii kuna watu wangapi wenye ndoa za kungoja PR, ukaazi wa kudumu? Tusijifanye watawa.

Kutoka: Singh wa Makindu (Leicester)

Wanangu, mimi nimewasoma kimya tangu asubuhi. Mama Jasi, pole binti.

Binamu yangu, tumesoma naye Nairobi, alikuja hapa Uingereza sabini na kitu, na baada ya jeshi la India kuingia Hekalu la Dhahabu, hekalu letu kuu kule Amritsar, Juni 1984 akageuka mtu mwingine. Kila Jumamosi maandamano, kila Jumapili hotuba. Duka la vitambaa akamwachia mkewe. Jina lake likaingia kwenye ile orodha nyeusi ya India. Hakuna aliyemwandikia barua kumwambia. Alijua siku aliponyimwa viza dirishani, mama yake amelala hospitali Jalandhar. Akaomba tena, kimya. Mama akafa, akachomwa moto kwa desturi yetu bila mwanawe wa kwanza, na mpwa ndiye aliyewasha kuni. Orodha ilikuwa na majina 314 ya Masingasinga walioko nje. Mwaka 2019 serikali ya India ikafuta 312, ikabakiza mawili. Binamu akanipigia akicheka: "Nimesamehewa, na magoti hayawezi tena kupanda ndege." Sijui alikuwa anacheka nini.

Na yule Daktari Jagjit Singh Chauhan tulimwona hapa London kwa macho yetu. Alikuwa amewahi kuwa waziri wa fedha wa Punjab, jamani, si mtu wa vichochoroni. 1971 alinunua tangazo kwenye New York Times kudai nchi. Baadaye akajitangaza rais, akateua baraza la mawaziri, akachapa pasipoti za Khalistan, stempu na noti. Nimeishika moja ya hizo pasipoti mkononi. Jalada gumu, dhahabu inang'aa, kazi safi kuliko pasipoti yangu ya Kenya ya wakati ule. Mwenyewe aliniambia haivuki hata bandari ya Dover. Mwaka 2001 serikali ya India ikamkubalia arudi, akafa kijijini kwao Tanda 2007, kitandani. Rais wa nchi yenye stempu na isiyo na posta.

Kutoka: Dada Zuhura (Toronto)

Shikamoo Mzee. Hadithi yako tamu, lakini naona mnazungumza kana kwamba hawa wote walikuwa wachapa stempu. Tarehe 23 Juni 1985, ndege ya Air India 182 ililipuliwa na watu wa Khalistan karibu na Ireland. Watu 329. Wengi walikuwa Wakanada wenye asili ya India, watoto wamefunga shule wanapelekwa kuona bibi zao. Mwalimu mwenzangu alipoteza dada na wapwa. Kesi ikaja kuisha 2005, washtakiwa wawili wakaachiwa, na mpaka leo aliyefungwa ni mmoja tu, mtengeneza bomu. Huyu mwalimu ni Singasinga, kilemba na kila kitu, na kila akiona mabango ya kuwatukuza wale walipuaji barabarani anafunga dirisha la gari. Naye mumuulize.

Kutoka: Shemeji wa Newton

Dada, hakuna aliyesema hilo halikutokea. Lakini usimwekee Nijjar bomu la 1985, alikuwa mtoto kijijini Jalandhar. Yeye mambo yake yalikuwa kura ya maoni ya Khalistan, ile iliyoanza London Oktoba 2021. Kura isiyomfunga mtu yeyote kisheria, karatasi tu. Nilikuwa hapa Surrey siku ile 18 Juni 2023, Siku ya Akina Baba. Alikuwa anatoka maegesho ya gurdwara kwenye pikapu yake walipompiga risasi. Mwaka uliofuata wakashtakiwa vijana wanne wa Kihindi. Wenyewe wa serikali ya India wanasema hawahusiki, ni upuuzi. Mimi nasema mtu anayepiga kura ya karatasi hapigwi risasi.

Kutoka: Dada Zuhura (Toronto)

Sijasema apigwe risasi. Soma vizuri kabla ya kujibu.

Kutoka: Mzee wa Tanga (Calgary)

Wote mmekimbilia siasa. Barua inaanza na nini? ASILI YA MABABU. Hiyo ndiyo ya kwanza, shughuli ni ya pili. Mama Jasi, babu alizaliwa kijiji gani?

Kutoka: Mama Jasi (Surrey)

Shikamoo Mzee. Karatasi inasema Gujranwala. Alikuja Kenya na kaka yake, wote maseremala wa reli.

Kutoka: Mzee wa Tanga (Calgary)

Ndiyo hiyo sasa. Gujranwala leo iko Pakistan. Fomu ya OCI inauliza kama mwombaji au wazazi, babu au baba wa babu waliwahi kuwa raia wa Pakistan, na hapo karani akiona Gujranwala anashtuka, anarudisha bahasha, anakwenda kunywa chai. Lakini kipimo chao cha kuzaliwa India ni ile India ya sheria ya 1935, kabla ya kugawanywa. Babu aliondoka lini? Kama ni kabla ya 1947, aandike wazi: alizaliwa India ya Waingereza, akahamia Kenya mwaka fulani, hakuwahi kuchukua uraia wa Pakistan. Aambatanishe cheti cha uraia wa Kenya cha babake mzazi.

Mimi si wakili. Nilimsaidia jirani yetu Mwismailia, lakini yule asili yake ni Kutch, iliyobaki India, hakuwa na balaa la Gujranwala.

Kutoka: Fundi Bomba (Brampton)

Mzee, na hilo bango ukutani? Wakitafuta jina lake mtandaoni?

Kutoka: Mzee wa Tanga (Calgary)

Hilo sijui. Asijibu alichokuwa hajaulizwa.

Kutoka: Shemeji wa Newton

Ameulizwa. "Shughuli za kijamii". Imo kwenye barua.

Kutoka: Singh wa Makindu (Leicester)

Gujranwala! Mnajua nani mwingine ni wa huko? Makhan Singh. Kijiji cha Gharjakh. Alikuja Kenya 1927 akiwa kijana mdogo, babake alikuwa na kiwanda cha uchapaji Nairobi. Huyu ndiye aliyesimama Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950 akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wengine bado wanaomba viti viwili vitatu barazani. Waingereza wakamweka ndani, wakamtoa Oktoba 1961. Miaka 11 na zaidi kule kaskazini kwenye jua. Uhuru ukaja, hakuna aliyemkumbuka hata kwa uwaziri mdogo. Mimi nawaambia vijana wa hapa Leicester: mnataka Singasinga mpigania uhuru wa kuning'iniza ukutani, mning'inizeni huyu. Wananiangalia kama nimewatajia mchezaji wa kriketi wa zamani.

Kutoka: Mama Jasi (Surrey)

Asante Mzee, hata mama mkwe amefurahi kusikia, anasema baba yake alimjua. Sasa kwa hiyo picha tunafanyaje? Muda wa kujibu wamempa siku 30.

Kutoka: Msimamizi

Ndugu zangu, sheria namba 3: siasa za India, za Kanada na za mahali pengine pelekeni kwenye ile orodha nyingine. Hapa ni maisha ya kila siku. Mwenye nafasi kwenye kontena aandike kabla ya Ijumaa.

Kutoka: Fundi Bomba (Brampton)

Msimamizi, OCI si maisha ya kila siku? Haya. Mzee Singh, umenikumbusha nyumbani. Babangu alikuwa akitusimulia Joginder Singh, dereva wa mbio za magari, akipita Nakuru matope mpaka kwenye kilemba, watu wamepanda miti. Ile Safari Rally ya 1965 alishinda na Peugeot akiwa na kaka yake.

Kutoka: Singh wa Makindu (Leicester)

Volvo. 1965 ilikuwa Volvo, PV544, na kaka yake Jaswant, hapo umepata. 1974 na 1976 ni Mitsubishi. Peugeot haikumpa ushindi wa Safari hata mara moja, na mimi nilikuwa juu ya mmoja wa ile miti.