Mrejesho: nyama choma ya watu 14, Kikopey

Niliuliza namna ya kuagiza mbuzi choma kwa watu 14 pale Kikopey, barabara ya Nairobi–Nakuru, bila kungoja sana mezani. Asanteni sana nyote. Tulifuata ushauri wa kutanguliza watu wawili: walichagua nyama na kupimiwa kilo 7 mbichi mbele yao, nusu kilo kwa kila mtu, mifupa ikiwemo. Ilitosha.

Mbavu ziliiva vizuri mno. Paja ndilo lililotuangusha: liliwekwa zima juu ya makaa makali, nje likakauka na karibu na mfupa likabaki bichi. Lilirudi jikoni dakika 25, ugali ukapoa. Ombeni paja lichanjwe hadi mfupani na litangulie mbavu motoni; ugali usongwe mwisho.