Pikapu gani ya gita itanipa sauti nene: Duncan '59, JB au Super Distortion?

ChaliiWaSakina
Wakuu habari za jioni. Nataka kubadilisha pikapu za gita langu (zile sumaku zenye waya chini ya nyuzi zinazonasa sauti), sauti yake imezidi ukali inachoma masikio, mi nataka ile sauti nene iliyoshiba, ukigonga noti moja inabaki pale inaita. Nimesoma soma nimebakiwa na tatu, Seymour Duncan '59, Seymour Duncan JB na DiMarzio Super Distortion. Kuna ndugu yangu anakuja kutoka Marekani mwisho wa mwezi kasema nimtajie moja tu aibebe, kwa hiyo sina nafasi ya kujaribu jaribu. Ipi?

FundiWaya_Njiro
Gita gani? Ampu gani? Muziki gani? Unabadilisha ya shingoni au ya briji, kule nyuma nyuzi zinakofungiwa? Umetaja pikapu tatu umeacha vingine vyote, sasa tukujibuje.

PasuaBlues
Hahaha kila siku hivi hivi. Mi nasema '59 funga mjadala. Imefuata zile hambaka (pikapu za koili mbili zinazozuia mngurumo) za Gibson za miaka ya 50 mwishoni, sumaku yake alniko 5, ya shingoni ukipima ukinzani inasoma kilo (kilo-omu) 7 na kitu, ya briji kilo 8 hivi, haina fujo kabisa. Shusha toni kidogo piga taratibu utaniambia.

GainiKubwa
'59 ni ya wazee wa blues kama huyo hapo juu. Chukua Super Distortion. Imetoka 1972, ndiyo ilifungua biashara nzima ya watu kununua pikapu za kubadilishia, sumaku ya seramiki, inasoma kilo 13. Unene unaoutaka uko pale, hata bila pedali.

FundiWaya_Njiro
Jamani acheni kupima unene kwa kilo. JB inasoma kilo 16 na zaidi lakini sehemu kubwa ya hizo kilo ni kwa sababu waya wake ni mwembamba kuliko wa '59, na waya mwembamba una ukinzani mkubwa hata kama mizunguko haijazidi hivyo. Halafu JB ina ukali wake pale kati kuelekea juu, ukiifunga kwenye gita jepesi na poti (kile kifaa cha chini ya kitufe cha sauti na toni) ya 500K inaweza ikakuchoma kuliko hiyo unayoikimbia. Wengi wanaoipenda kwenye gita za aina ya Strat wanaifunga na poti ya 250K ndio inatulia. Uliza sumaku, uliza poti, kilo iwe ya mwisho.
Na bado hujajibu ni gita gani.

ChaliiWaSakina
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Gita ni Yamaha Pacifica 012. Napiga kanisani, timu ya sifa. Ya shingoni au ya briji yoyote tu itakayonipa unene.

FundiWaya_Njiro
Aaah. "Yoyote tu" haipo mkuu. Pacifica 012 ina hambaka briji tu, hizo mbili nyingine ni singo koili, za koili moja. Ukimwambia ndugu abebe '59 ya shingoni ya saizi ya kawaida, ikifika utaanza kutafuta msumeno ukate ile plastiki ya mbele. Kama unataka hambaka shingoni bila kukata, kuna zilizotengenezwa kwa umbo la singo koili, Duncan wana Little '59 kwa mfano, inaingia pale pale. Na kwa briji, pima kwanza umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale juu ya pikapu. Gita za umbo la Strat nyuzi zake zimeachana zaidi kuliko za Gibson, ndiyo maana Duncan wanauza toleo la Trembucker na DiMarzio wana F-spaced. Chukua hilo pana.

Kiboriloni_Strings
Mi nakushauri kabla hujaagiza fikiria nani atakufungia, haya mambo nimeyaona. Nilipata '59 ya briji, mpya, ndani ya boksi lake. Nikampelekea fundi mmoja hapa Moshi anatengeneza redio na TV, mtu mstaarabu, risasi yake ya kuungia waya inang'aa, hana shida. Pikapu ina waya tano, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na ile tupu isiyo na ganda. Fundi akaingia kwenye simu akatafuta mchoro, akapata wa DiMarzio, nikamwambia hii ni Duncan akasema pikapu ni pikapu tu zote ni sumaku na waya. Sasa kwa DiMarzio nyekundu ndiyo inaenda kwenye poti, nyeusi na nyeupe unaziunga zenyewe kwa zenyewe unazifunika, kijani na ile tupu zinaenda ethi. Kwa Duncan nyeusi ndiyo ya kwenda kwenye poti, halafu zinazoungwa ni nyekundu na nyeupe. Yeye akafunga kwa ule mchoro wake.

Na sauti ikatoka! Ndio ubaya wenyewe, ingekaa kimya tungejua siku ile ile. Ikatoka nyembamba kuliko ile pikapu ya kiwandani niliyoing'oa na ikaja na mngurumo. Nikajipa moyo labda nyuzi zimechoka, nikanunua nyuzi, labda waya wa gita, nikanunua waya. Desemba ikafika msimu wa harusi, Wachaga wote wamerudi nyumbani, ukumbi umejaa, na pale ukumbini wana zile taa za rangi za kupunguza mwanga, zikipunguzwa tu gita linanguruma mmmmmmm mpaka MC anageuka ananiangalia mbele ya maharusi. Mama mmoja akapita pale jukwaani akauliza kama tumewasha jenereta. Januari ndio jamaa yangu wa Rau akaja na mita akapima pale kwenye jeki, inasoma kilo 4. Akacheka sana. Koili moja ilikuwa imeungwa yenyewe kwa yenyewe haifanyi kazi yoyote, yaani muda wote ule nilikuwa napigia nusu pikapu, hambaka imegeuzwa singo koili. Akahamisha waya chache pale pale sebuleni, na mngurumo ukaisha.

Kwa hiyo mwambie ndugu akupigie picha ya lile karatasi la kwenye boksi, na fundi wako alifuate hilo hilo.

PasuaBlues
Pole sana mzee. Lakini kwa hiyo '59 ilipofungwa vizuri ilikuwaje?? Hujasema.

Kiboriloni_Strings
Nzuri. Imetulia. Ila nilishaichukia nikaiuza 😀

MzeeRumba_Kaloleni
Vijana hamjambo. Mimi sielewi hii kiu ya sauti nene imetoka wapi. Ukiwa na kinanda, besi, ngoma na waimbaji kumi, gita nene linamezwa lote, unabaki unaonekana unapiga husikiki. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz, solo lile halina unene wowote, linakata, linaongea. Msikilizeni Franco na OK Jazz. Gita la solo lazima liwe na makali. Unene mwachieni mpiga besi.

GainiKubwa
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, huyu kijana hapigi dansi, anapiga nyimbo za kuabudu, kule gita linatandika nyuma taratibu. Kila muziki na sauti yake.

ChaliiWaSakina
Shikamoo mzee. Kusema kweli nusu ya nyimbo zetu mwishoni zinaingia sebene 😀 mchungaji mwenyewe ndio anaidai.

MzeeRumba_Kaloleni
Marahaba. Umeona sasa. Acha pikapu zako zilivyo.

DadaNyuzi_UsaRiver
Mbona hamna aliyekazania ampu? FundiWaya aliuliza mwanzoni kabisa kijana akapita kimya. Chalii unatumia ampu gani?

ChaliiWaSakina
Hatuna ampu dada. Nachomeka kwenye pedali ya ovadraivu, ile ya kukwaruza sauti, halafu moja kwa moja kwenye mixa.

DadaNyuzi_UsaRiver
Basi tumepoteza siku mbili hapa. Mdogo wangu tatizo lako halianzii kwenye pikapu. Kwanza ingizo la kawaida la mixa lina ukinzani kama kilo-omu 10 au 20 hivi, wakati gita linataka kitu karibu na omu milioni moja. Ukizima pedali, kama ni ya aina ile ambayo ikizimwa inapitisha tu, mixa inainyonga pikapu, sauti inakosa nguvu, mtu wa mixa anaona husikiki anakupandishia treble. Pili, spika za kanisani zina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Spika ya ampu ya gita ya inchi 12 haina, ikifika kama kHz 5 inaanza kukata yenyewe, na ule unene unaousikia kwenye rekodi umepitia humo. Ukiwasha ovadraivu ikaenda kwenye twita bila kitu cha kukata juu, ni mzinga wa nyuki. Weka JB, weka Super Distortion, nyuki watakuwa wale wale ila wengi zaidi.

Angalia kama mixa ina kitufe kimeandikwa Hi-Z, yaani ingizo la ukinzani mkubwa. Tafuta multi-efekti ndogo yoyote yenye uigaji wa kabati la spika, hata iliyotumika, iweke mwisho baada ya ovadraivu. Halafu chukua bisibisi ushushe ile pikapu ya briji kidogo, uhamie ya shingoni, punguza toni. Hiyo yote haihitaji mtu kutoka Marekani.

FundiWaya_Njiro
Dada kamaliza. Niongeze tu, fungua nyuma usome mgongoni mwa poti imeandikwa ngapi. Kama ni 500K, kuweka 250K ni buku chache na inapunguza ukali wa juu.

GainiKubwa
Mnamvunja moyo. Pikapu nzuri ni nzuri hata kwenye mixa. Na hata mbao inachangia, hiyo Pacifica ni agathis, mbao laini, haina uzito wa kubeba sauti.

PasuaBlues
Tumeanza mbao sasa 🙄

Kiboriloni_Strings
Mbao inachangia bwana. Kuna jamaa alichonga la kwake kwa mninga, ubao wa vidole mpingo, zito huwezi kulivaa ibada nzima, lakini linaita!

FundiWaya_Njiro
Linaita kwa sababu ya uzito au kwa sababu alifunga pikapu gani? Lilipigwa kwa pikapu ile ile kwenye gita jingine? Kama hapana hatujui chochote.

MzeeRumba_Kaloleni
Mpingo wetu unaenda Ulaya kutengenezwa klarineti sisi tunabaki kubishana plastiki. Huyo jamaa wa mninga anauza?

Kiboriloni_Strings
Hauzi mzee. Ila anachonga kwa oda, ukiwa na mbao yako mwenyewe iliyokauka.

ChaliiWaSakina
Asanteni wote. Mixa nimeicheki leo, Hi-Z ipo kwenye chaneli moja ila ni ya besi, na mpiga besi ni mtoto wa mzee wa kanisa sijui nitamwambiaje. Toni nimeshusha, ni kweli imepungua ukali. Lakini ndugu anafungasha wiki ijayo, nisipomtajia kitu nafasi imepita. Kwa hiyo bado nauliza, kama ni briji na ni lazima, '59 au JB?

PasuaBlues
'59.

GainiKubwa
Super Distortion, na hata hukuitaja tena.

FundiWaya_Njiro
Kama ni lazima, iwe yenye alniko 2, Duncan wanayo inaitwa Alnico II Pro, juu yake ni laini kuliko '59. Ila besi ana haja gani na Hi-Z, besi lake si lina betri ndani? Kama lina betri anaweza kuhama chaneli yoyote hatapoteza kitu.

ChaliiWaSakina
Sijawahi kuangalia kama lina betri. Nitamuuliza Jumamosi kwenye mazoezi.

MzeeRumba_Kaloleni
Kiboriloni, huyo mchongaji anapatikana Moshi mjini? Nina mninga wa mlango wa zamani, umekauka tangu enzi za Mwinyi.