Kuna aliyeona kimondo kikubwa upande wa Manyoni Jumanne usiku?

Dereva_Kati: Wakuu habari za humu. Jumanne saa nne kasoro usiku nilikuwa nje kidogo ya Manyoni gari imepata pancha, utingo anafungua nati mimi niko kwenye simu na tajiri, mara pori lote likawa jeupe mpaka nikaona kivuli changu barabarani. Kugeuka kusini, dude la kijani linashuka, likapasuka vipande vitatu vinne likazima, jumla sekunde tano hivi. Baadae ikaja ngurumo na wingu hakuna, hata tajiri aliisikia kwenye simu akauliza tumegongwa au? Nilipokata nikaangalia, ni kama dakika tatu toka ule mwanga. Sasa utingo anaapa limeangukia nyuma ya kilima pale pale, anataka turudi tukalitafute tuuze. Twende?

MamaWawili_Dom: Jamani kumbe sikuota! Niko Dodoma nilikuwa naanua nguo, nimeona magharibi, chini chini juu ya paa la jirani. Mlio sikusikia. Bibi yangu wa Tanga alikuwa anasema hapo shetani kapigwa, basi nikasoma nilichojua nikaingia ndani nguo nikaziacha kambani 😂

Ng'ombe_wa_Mbozi: Lisije likawa chuma la roketi kama lile la Mukuku kule Makueni, Kenya, Desemba 2024. Kilo kama 500 lile, utingo atalibebea wapi.

MpimaNyota: Roketi sio mkuu, mabaki ya roketi yanakwenda taratibu, yanavuka anga dakika nzima au zaidi yakiachia cheche. Sekunde tano na kupasuka hicho ni kimondo. Ila nyuma ya kilima sahau, hapo macho yanadanganya watu wote. Mwanga huwa unazima jiwe bado liko makumi ya kilomita juu, kipande kikibaki kinadondoka gizani huku upepo unakisukuma. Sauti inatumia kama sekunde tatu kwa kilomita moja, dakika tatu ni kama kilomita 60. Ukipita tena simama pale pale (upande soma kwa dira ya simu, ila toka kabisa kwenye lori, chuma linaichanganya), nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, hesabu ngumi ngapi toka upeo wa macho mpaka lilipopasukia. Ngumi moja ni digrii 10. Mama wa Dodoma na wewe hivyo hivyo, simama penye kamba yako.

MamaWawili_Dom: Nimepima, ngumi moja na nusu. Magharibi kabisa. Jirani anauliza nampiga nani.

Dereva_Kati: Nimepita leo. Ngumi tatu, kusini.

MpimaNyota: Safi sana!! Digrii 30 kwa kilomita 60, maana yake lilipasukia kama kilomita 30 juu, na chini yake ni kilomita 50 na kitu kusini mwa Manyoni. Hapo ukitazama toka Dodoma ni magharibi, umbali kama 100, na digrii zinatoka 17, ngumi moja na nusu na kidogo. Mmekutana! Mtu mmoja anatoa mstari tu, wawili ndo wanatoa sehemu. Mbale Uganda mawe ya kimondo yalipoanguka Agosti 1992, wapenzi wa vimondo toka Uholanzi walienda wakafanya kazi na watu wa Makerere, mawe zaidi ya 800 yakajulikana, kimoja cha gramu 3.6 kilipita kwenye migomba kikamgonga mtoto kichwani, hakuumia. Jazeni fomu ya International Meteor Organization (shirika la kimataifa la wafuatiliaji wa vimondo) mtandaoni, ni bure. Ila makosa ya ngumi moja huku chini ni kilomita nyingi sana za pori, tunahitaji video. Hakuna sheli karibu na ulipokuwa?

Dereva_Kati: Ipo, ila kamera zinatazama pampu, anga hazioni.

MpimaNyota: Anga ya nini, kivuli kinatosha! Kile cha Chelyabinsk, Urusi, 2013 watu walipima vivuli vya nguzo za taa kwenye video wakapata njia ya kimondo. Nguzo ya sheli inatosha kabisa. Waulize na saa ya kamera imekosea dakika ngapi.

Dereva_Kati: Kijana wa pale anasema inajifuta kila baada ya siku saba. Leo ya tano. Utingo kashapanda Noah anaenda na flashi.