Naomba ushauri: bosi, alama na hatua zilizofichwa katika Mario vs. Donkey Kong ya Game Boy Advance

KidoleGumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nimeirudia gemu niliyoiacha njiani miaka mingi iliyopita, yaani Mario vs. Donkey Kong ya mwaka 2004 kwa ajili ya Game Boy Advance, na safari hii nimekusudia kuimaliza yote pamoja na sehemu zake zilizofichwa. Kwa wasioifahamu, Donkey Kong anaviona kwenye televisheni vikaragosi vinavyoitwa Mini-Mario, anavitamani, anakuta dukani vimekwisha, kisha anavamia kiwanda na kuviiba. Kazi ya Mario ni kumfukuza katika dunia sita. Kila dunia ina hatua sita za kawaida, halafu hatua moja ya kuwaongoza Mini-Mario sita hadi kwenye sanduku lao, na mwisho pambano na Donkey Kong mwenyewe.

Nimekwama kwenye bosi wa dunia ya tatu, Fire Mountain. Nimejaribu zaidi ya mara ishirini, na kila mara naanguka nikiwa nimebakiza kidogo tu kushinda, kwa sababu naingia ulingoni nikiwa na uhai wa mara mbili peke yake, yaani naweza kustahimili mapigo mawili tu. Nimejifunza mwendo wa Donkey Kong hata naweza kuusimulia nikiwa nimefumba macho, lakini vidole havifuati ninachokijua.

Jambo la pili ni alama. Katika hatua nyingi nilizomaliza sikupata nyota, ilhali nilikusanya zawadi zote tatu, nyekundu, manjano na buluu. Nilidhani zawadi ndizo zinazoleta nyota. Je, nirudi sasa nizitafute nyota zote kabla ya kuendelea, au nimalize kwanza dunia zote sita? Ninachokitamani hasa ni hatua zile za Expert, yaani hatua ngumu za ziada zilizofichwa, na nisingependa kugundua mwishoni kwamba nilipita njia isiyo sahihi.

MlangoWaPili

Karibu tena, mkuu. Nianze na bosi, kwa kuwa hapo ndipo panapokuumiza.

Umesema unaingia na uhai wa mara mbili. Idadi hiyo haitokani na bahati wala na ugumu wa bosi. Inatokana na hatua iliyotangulia. Kila Mini-Mario unayemfikisha sandukuni akiwa hai hugeuka kuwa pigo moja ambalo Mario anaweza kulistahimili mbele ya Donkey Kong. Ukiwafikisha sita, unaingia na sita. Ukiwafikisha wawili, unaingia na wawili, kama wewe. Kwa hiyo majaribio yako ishirini yote umeyafanya katika hali ngumu kuliko ile waliyoikusudia waliotengeneza gemu hii, na kwamba ulifika karibu na ushindi inaonyesha kuwa vidole vyako havina tatizo lolote.

Achana na bosi kwa sasa. Rudi kwenye hatua ya Mini-Mario ya dunia hiyo, uicheze mpaka uwafikishe wote sita au angalau watano, ndipo uendelee. Najua inaonekana kama kurudi nyuma, lakini mimi mwenyewe nilipofanya hivyo nilimshinda bosi aliyekuwa amenizuia kwa siku kadhaa katika jaribio la pili.

KidoleGumba

Nashukuru sana, mkuu. Nilikuwa nimeona kwamba idadi hubadilika, ila sikuwahi kuiunganisha na wale wadogo. Kwa kuwa kumpoteza mmoja hakusimamishi hatua, nilikuwa nawaacha wanaochelewa na kukimbilia herufi T, O na Y ili sanduku lifunguke. Sasa naomba unieleze unavyowaongoza wote sita bila kuwapoteza. Wangu hutawanyika, na wa mwisho daima huishia kwenye miiba.

MlangoWaPili

Wanakufuata wewe, na humo ndimo mna siri yote. Wao hawana akili ya kuchagua njia, hutazama tu Mario yuko upande gani, wakaenda. Mario anavuka vitu ambavyo wao hawawezi kuvivuka, kwa hiyo ukiruka juu ya shimo bila kufikiri, umewaita wote waje shimoni. Kabla ya kuruka, jiulize kwanza watasimama wapi wakati wewe uko hewani.

Mimi hufanya hivi. Mwanzoni mwa hatua siondoki nilipo hata kidogo mpaka niwe nimeitazama ramani nzima na kujua swichi za rangi ziko wapi. Ukikanyaga swichi ya rangi fulani, vitofali vya rangi hiyo huwa imara na vya rangi nyingine hubaki kama kivuli, na mara nyingi kitofali kilicho daraja kwako ndicho ukuta unaowazuia wao wasitangulie hatarini. Wakusanye nyuma ya ukuta huo hadi wawe kundi moja, kisha fungua njia. Wakitembea pamoja, hatari unaivuka nao mara moja, lakini wakiachana kwa umbali mkubwa utalazimika kuivuka mara sita, na kosa moja linatosha kukuondolea pigo moja la uhai.

Herufi zichukue ukiwa nao karibu, au ukiwa umewafungia mahali salama. Usizikimbilie ukiwa umewaacha wazi, maana kila unapogeuka, nao wanageuka.

AlamaKwanza

Niruhusuni nijibu lile la alama, ambalo nimelitumia muda mwingi pengine kuliko sehemu nyingine yoyote ya gemu hii.

Ndugu KidoleGumba, zawadi tatu na nyota ni vitu viwili tofauti, na wengi huvichanganya. Ukizikusanya zawadi zote tatu katika hatua, unapelekwa kwenye mchezo mdogo wa ziada ambao faida yake ni kukuongezea maisha. Nyota hutolewa kwa jumla ya alama. Kila hatua ina kiwango chake, ukikifikia au kukipita unapewa nyota, na usipokifikia hupewi hata kama umebeba kila kitu kilichokuwamo. Kwa hiyo mtu anayezunguka hatua nzima kwa utulivu akiokota zawadi anaweza kumaliza salama kabisa na bado akakosa nyota, na nadhani ndivyo ilivyokutokea.

Kinachokuangusha ni muda. Saa inahesabu kushuka, na muda unaobaki unapofika mwisho hugeuzwa kuwa alama. Hatua za kawaida zina sehemu mbili: ya kwanza unabeba ufunguo hadi kwenye mlango uliofungwa, ya pili unamfikia Mini-Mario aliye ndani ya tufe na kumkomboa. Ukizubaa katika sehemu zote mbili, hakuna adui utakayemponda kwa nyundo atakayekufidia. Na nyundo yenyewe ni mtego kwa mwenye tamaa ya alama, kwa sababu wakati unawakimbiza maadui nayo saa haikusubiri. Mimi huichukua tu pale ambapo adui yuko njiani kwangu tayari.

Jambo jingine linalokula muda bila mtu kutambua ni ufunguo. Ukiuweka chini, kihesabuzi kidogo huanza, na kikiisha ufunguo hurudi ulikotoka. Wengi huhesabu hilo kama usumbufu mdogo, lakini kuurudia ufunguo mara moja tu katika hatua yenye kiwango kikali kunatosha kukunyima nyota. Inapotokea, mimi huanza hatua upya papo hapo.

Kuhusu mpangilio, hatua za Expert hufunguliwa kwa idadi ya nyota ulizonazo, na kila inayofuata inadai nyota nyingi zaidi. Ziko kumi na mbili. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba urudi sasa, dunia ya kwanza na ya pili, uchukue nyota zilizobaki wakati bado unazikumbuka njia zake. Hatua za mwanzo ni fupi na viwango vyake vinafikika, na mazoezi hayo ya kucheza kwa kasi yatakufaa sana mbele.

MlangoWaPili

Ndugu AlamaKwanza ameeleza vizuri kuhusu muda, lakini katika mpangilio sikubaliani naye. Mtu aliyeshindwa na bosi mara ishirini akiambiwa arudi dunia ya kwanza kutafuta nyota, ataichoka gemu kabla ya kuiona Twilight City, dunia ya sita. Isitoshe, kuna sehemu nyingine ambayo haihitaji nyota hata moja. Ukimaliza dunia zote sita, zinafunguka dunia za Plus, ambazo ni mzunguko wa pili wenye hatua za namna nyingine. Mimi naona afadhali amalize kwanza, kisha arudi kwenye nyota akiwa mchezaji mwingine kabisa. Mbinu ambazo leo anazifanya kwa kubahatisha, kama kusimama kwa mikono na kuunganisha miruko mitatu kutoka hapo, atakuwa anazifanya bila kuzifikiria, na njia za mkato zitajionyesha zenyewe.

AlamaKwanza

Naielewa hoja yako, na kuhusu uchovu uko sahihi. Basi niseme hivi: asirudi nyuma kwa zilizopita, lakini kuanzia sasa kila hatua mpya aicheze mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza aicheze polepole, apoteze maisha akibidi, ajue swichi ipi inakanyagwa lini. Mara ya pili, papo hapo, akimbie. Hatua aliyoijua dakika tano zilizopita ataimaliza kwa sehemu ndogo ya muda ule, na mara nyingi nyota itakuja bila kutafutwa. Akiiacha hadi mwezi ujao, atakuwa anaijifunza upya.

NgaziYaJuu

Naongeza kidogo kuhusu bosi. Nilianza na Donkey Kong ya Game Boy ya mwaka 1994, ile yenye hatua 101 ambazo nne za kwanza ni zile za Donkey Kong ya awali ya mwaka 1981, iliyochezwa kwenye mashine za kumbi za michezo, na ndiyo iliyozaa mtindo huu wa ufunguo na mlango. Humo kulikuwa na mapambano ya kumrudishia mapipa yake Donkey Kong, lakini pigo moja lilitosha kukumaliza. Kwa hiyo nilipofika kwenye hii ya 2004 nilizoea kukwepa kila kitu na kurusha nikipata nafasi safi tu. Baadaye nilitambua kwamba ukiwa na uhai wa mara sita unaweza kuununua muda: ukiwa na kitu mkononi na nafasi ya kumrushia ipo, rusha hata kama utapigwa. Kukwepa kupita kiasi hurefusha pambano, na pambano refu ndilo linalozaa makosa. Mtu mwenye uhai wa mara mbili hawezi kucheza hivyo, na ndiyo maana nakubaliana na aliyekuambia uanzie kwa wale wadogo.

Kama kuna msomaji anayetumia toleo la Nintendo Switch lililotoka tarehe 16 Februari 2024, ajue kwamba lina dunia mbili za ziada, Merry Mini-Land na Slippery Summit, na mtindo wa Casual ambao hauna kikomo cha muda. Ushauri wa alama uliotolewa hapo juu unahusu toleo la Game Boy Advance.

KidoleGumba

Wakuu, nimerudi kuwapa taarifa, kwa maana si vizuri kuchukua ushauri na kutoweka.

Hatua ya Mini-Mario ya Fire Mountain nimeirudia mara saba. Katika jaribio la tano nilifikisha watano, na ningeweza kuendelea, lakini nilitaka kujua kama sita inawezekana. Tatizo langu lilikuwa lile lile alilolisema MlangoWaPili: nilikuwa naruka kwanza na kufikiri baadaye. Nilipoanza kuwakusanya nyuma ya vitofali kabla ya kuvuka, hatua iliyokuwa ikinitia wasiwasi ikageuka kuwa fumbo la kawaida. Katika jaribio la saba wote sita waliingia sandukuni, na nakiri nilifurahi kuliko nilivyofurahi baada ya bosi mwenyewe. Bosi nilimshinda jaribio la kwanza, nikiwa na uhai wa mara mbili uliobaki. Nilifuata pia neno la NgaziYaJuu na kurusha hata nilipojua nitapigwa.

Sasa niko Spooky House, dunia ya nne, nikizicheza hatua mara mbili kama alivyoshauri AlamaKwanza. Katika hatua nne nimepata nyota tatu. Ile ya nne nilidondosha ufunguo.

Swali langu la mwisho: hizo dunia za Plus zinatofautianaje? Je, mbinu za sehemu mbili bado zinatumika?

MlangoWaPili

Hongera sana, mkuu. Sita katika dunia ya tatu si kazi ndogo.

Katika Plus hakuna sehemu mbili. Hatua ni moja, na ufunguo haubebwi na Mario. Kuna Mini-Mario mmoja aliyelala akiwa na ufunguo. Unamwamsha kwa kumgusa, kisha unamwongoza mpaka mlangoni. Maana yake ni kwamba yale uliyojifunza katika hatua za sanduku ndiyo yatakayokuwa kazi yako ya kila hatua, isipokuwa sasa huna wengine watano wa kufidia kosa. Kwa hiyo, utakapofika, usimwamshe mapema. Zunguka peke yako kwanza, kanyaga swichi, ondoa maadui walio njiani, andaa kila kitofali unachoweza kukiandaa, kisha ndipo umrudie. Akishaamka ataanza kukufuata mara moja, hata kama njia bado haijawa tayari.