Nyuklia, jua au makaa ya mawe: umeme upi una nafuu?

Mshumaa: Wakuu habari zenu, naomba tulinganishe bila ushabiki. Kinu cha nyuklia kikishawaka kinatoa umeme usiku na mchana, mvua inyeshe jua liwake, moshi hakuna, na hata ukihesabu kuanzia kuchimba urani mpaka kuja kubomoa kinu chenyewe, hewa ya ukaa ni gramu 12 hivi kwa yuniti moja wakati makaa ya mawe ni zaidi ya 800. Sasa mbona kinaogopwa kuliko makaa yanayoua watu kila mwaka kwa moshi tu?

Kijiti_Moto: Kwa sababu ajali ya kinu cha Chernobyl kule Ukraine 1986 watu waliiona mkuu. Mji mzima wa jirani, Pripyat, ulihamishwa na mpaka leo haukaliki. Paneli ya sola ikifa unafunga nyingine, basi.

DadaFizikia: Kijiti, kile kinu kilikuwa na kasoro tangu kinachorwa na hakikuwa na lile jengo zito la zege la kuzuia mionzi isitoke nje. Mi naona cha kujifunza zaidi ni ajali ya Fukushima kule Japani 2011. Tetemeko lilipopiga vinu vilijizima vyenyewe vizuri tu, ila ukizima kinu hakipoi hapo hapo, fueli inaendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 ya lile la kawaida, kwa hiyo maji lazima yazunguke muda wote. Tsunami ikaja ikazamisha majenereta ya dizeli yaliyokaa chini, pampu zikasimama, fueli ikayeyuka kwenye vinu 3. Jenereta kuwekwa mahali pa chini, jamani! Hilo linazuilika, ila linataka msimamizi mwenye ubavu wa kumwambia mwenye kinu azime.

Nguzo7: Mimi ajali sio hofu yangu, hofu yangu hela. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza kujengwa 2005 ikamilike 2009, imekuja kuanza kazi rasmi 2023. Vogtle kule Marekani vinu viwili vimekula zaidi ya dola bilioni 30. Miaka yote hiyo riba inakimbia na hujauza hata yuniti moja, wakati sola kubwa unaisimamisha ndani ya mwaka au miwili unaanza kukusanya hela.

Mshumaa: Hapo sikupingi, ila yakija mawingu wiki nzima? Betri za masaa manne zipo, za wiki bei yake haishikiki.

Kijiti_Moto: Na taka je? Plutoni 239, sumu ya mionzi iliyomo kwenye fueli iliyotumika, inachukua miaka 24,000 kupungua nusu tu.

DadaFizikia: Taka ni chache kwa sababu kidonge cha fueli kama ncha ya kidole kina nishati karibu sawa na tani ya makaa. Finland wamechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, wazizike kwenye mitungi ya shaba. Nchi nyingi bado zimeziacha pale pale kwenye vinu, na hiyo kwa kweli ni aibu.

Nguzo7: Basi vilivyopo visizimwe mapema. Ujerumani ilifunga 3 vya mwisho Aprili 2023 huku makaa bado yanawaka, ningekuwa mimi ningeanza na makaa. Ila nchi inayoanza leo iangalie gridi yake kwanza, kinu kimoja cha megawati 1,000 kikichomoka ghafla kwenye gridi ndogo nchi nzima inalala giza, ndo maana wataalamu wanashauri kisizidi kama asilimia 10 ya gridi.